Inboksi Isikupeleke Mbio

Wasee, kazi ya ofisi haimalizangi mtu na mizigo nzito. Inammaliza na vitu ndogo ndogo. Mdosi anataka ripoti ya jana. Klaienti anauliza bei ile ile ulipea mwingine asubuhi. Duka uliwai nunua ndula mara moja inakurushia matangazo kila siku. Na katikati ya hio fujo yote, imeili ya intavyu imejisunda pahali huwezi iona. Mse anashinda akiskroli, saa kumi na moja inagonga, na ile kazi yenyewe aliandikwa kufanya bado hajaigusa.

Mayut wengi wa Nai wanaanza maisha ya kazi hivo: atachi, kontrakti ya miezi tatu, ama kutuma CV ukiwa kejani ukingoja mtu akujibu. Hapo imeili ndo inakuwakilisha mbele ya mtu hajawai kuona sura yako. So kuna sheria moja naiamini sana: kitu ukiifanya na mkono vile vile mara tatu, ya nne peana kwa mashine. Kichwa yako ibaki na zile zinahitaji kichwa. Na hauhitaji kutoa doh, ju karibu zote ziko ndani ya hio Gmail uko nayo tayari.

Anza na filta

Makanga ako rada anajuanga mapema nani anashukia Roysambu na nani anaenda hadi Githurai, so hakuna mtu anapitishwa steji yake. Filta inafanyia imeili zako hio kazi. Unaiambia: kitu yoyote ikitoka kwa mdosi, ipe nyota. Matangazo yote, yasiingie inboksi. Risiti zote, ziwekwe lebo ya "Risiti".

Shida ni moja: apu ya Gmail kwa simu haikuangi na pahali pa kutengeneza filta. Unahitaji kompyu. Ka hauna lapi, ingia saiba mara moja. Fungua Gmail, upande wa kulia wa ile laini ya kusachi kuna kaalama ka kuchagua, guza hapo, andika imeili inatoka kwa nani, alafu useme filta ifanye nini. Ukimaliza, lazima utoke kwa akaunti yako kabla uishie. Kutoka hapo filta inachapa kazi huko kwa kompyu za Google, so hata simu ikizima, imeili zinaendelea kupangwa.

Ka unasaka kazi, kuna chaguo moja hapo usiilenge: ile inasema imeili isitumwe kwa spamu. Weka anwani za makampuni zote umeomba kazi. Majibu yao hayatazikwa huko.

Kuna kitu ingine wengi hawajui. Gmail inakuruhusu kuongeza alama ya + na neno baada ya jina yako. Jina likiwa "jinalako", unaeza peana jinalako+kazi@gmail.com, na itakuja tu kwa inboksi yako ile ile. Kwa maombi ya kazi tumia +kazi, kwa maduka +maduka, alafu filta moja inashika kila kundi. Kuna tovuti zingine zinakataanga hio alama. Zikikataa, weka anwani ya kawaida.

Maneno unarudia

"Asante kwa kuuliza, bei yetu ni hii, malipo ni hivi, tunafungua saa hizi." Ka unaandika hio kitu kila siku, iweke ka templeti. Kwa kompyu, ingia setingi za Gmail, sehemu ya "Advanced", washa "Templates". Ukipata swali ile ile tena, unaweka templeti, unabadilisha jina, unaongeza laini moja inaonyesha umesoma swali ya huyo mtu, unatuma. Usiwai ruka hio laini moja. Mtu anajuanga akijibiwa ka namba.

Ka wewe ni wa kuandika usiku, usirushe imeili kwa mdosi saa saba ya usiku. Gmail iliongeza kupanga saa ya kutuma 2019, na iko hata kwa simu. Andika saa hio kichwa imetulia, panga iende saa mbili asubuhi. Alafu kwa setingi za kompyu, tafuta ile ya kurudisha imeili umetuma. Ikiwa haijaguswa inakupea sekunde 5 tu. Ipeleke hadi 30. Hizo sekunde zinatosha kukumbuka umesahau kuweka CV.

Skani bila saiba, na nafasi ya bure

Ukiwa na apu ya Google Drive kwa simu, unaeza skani kitambulisho, setifiketi na risiti, zitoke PDF safi. Weka karatasi pahali kuna mwangaza, kata kando zake, alafu ipe jina ya maana: jina yako, kitu yenyewe, mwaka. Mtu wa HR akifungua faili mingi, yako inapatikana chap chap.

Lakini cheki nafasi. Gmail ikitoka Aprili 2004 ilikuwa inapeana gigabaiti 1, na watu walishangaa. Saa hii akaunti ya bure iko na 15, but Gmail, Drive na Google Photos zote zinakula hapo hapo. Picha na video zako zikijaza, imeili mpya zinaacha kuingia. Hio ni ngori kwa mtu anangoja majibu ya kazi. Kwa laini ya kusachi andika larger:10M, utaona imeili zote zimebeba mizigo mikubwa. Futa zenye huhitaji, alafu umwage na takataka, ju zinakaanga huko siku 30 zikiendelea kula nafasi.

Roboti za kuandika

ChatGPT na Gemini zinaeza kukunyooshea barua, zikufupishie imeili ndefu, ama zikuandikie fomyula ya Excel imekutesa. Zitumie. Lakini roboti inaeza kuandika uongo na sauti ya mtu ako sure kabisa, na jina chini ya hio imeili ni yako. Soma kila neno kabla utume. Tarehe, bei na majina, cheki mwenyewe.

Alafu data ya watu si ya kurusha ovyo. Kenya iko na Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Namba za vitambulisho, mishahara, rekodi za wagonjwa ama simu za maklaienti, usizipeleke kwa roboti ju unataka kumaliza mapema. Watu walipea ofisi yenu hizo vitu wakiamini. Uliza mdosi kwanza kampuni imekubali nini.

Jumamosi hii

Tenga lisaa. Weka filta ya mdosi, ya makampuni umeomba kazi na ya matangazo. Andika templeti moja. Peleka zile sekunde hadi 30. Cheki nafasi imebaki ngapi. Lisaa utakuwa unaokoa baadaye, ipeleke kwa kitu inakujenga: kujifunza Excel vizuri, kumalizia ile ripoti na akili yote, ama kutoka job mapema udake mat kabla fea ipande.

Na usikae na hii maarifa peke yako. Onyesha atachi mwenye mnashare meza, onyesha yule msupa wa jirani anatuma CV na simu ya kuazima. Mse kupoteza intavyu ju akaunti ilijaa picha ni kitu tunaeza zuia, na inachukua dakika chache tu za kumkalisha chini na kumwonyesha.