Hesabu ya Mtoto Huanzia Nyumbani

Huko Nyeri, Karatina, Nanyuki, Kerugoya na miji mingine iliyouzunguka Mlima Kenya, si ajabu kumsikia mtoto wa miaka minne akiimba namba tangu moja hata ishirini pasipo kukosa. Mzazi hufurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini mtoto huyo huyo akiambiwa alete mayai saba, huenda akaleta matano au tisa. Ameshika maneno, bali hesabu yenyewe hajaipata. Kasoro hii si ya kuchekwa. Isipotengenezwa mapema, mtoto atakwenda nayo madarasa ya juu, na akitumwa dukani atarudi na chenji pungufu asijue kwamba amepunjwa.

Mtaala wa Kenya ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019 umeweka hesabu na mambo ya mazingira miongoni mwa masomo ya watoto wa chekechea. Katika ratiba ni masomo mawili, lakini katika maisha ya mtoto ni jambo moja. Tuseme mwalimu amewapeleka watoto soko la Karatina. Viazi vimepangwa mafungu, na kila fungu lina viazi vitano. Mafungu mawili ni viazi kumi, matatu ni kumi na vitano. Papo hapo watoto huuliza: Ni nani aliyevilima? Vimeletwa kwa gari gani? Mbona mama huyu auza kabichi na yule auza vyondo? Kwa kuuliza hivyo wamekwisha kuingia katika elimu ya jamii, wala hawajaiacha hesabu.

Hata hivyo liko jambo moja linalohitaji busara. Kwa desturi ya Wakikuyu, kuhesabu watu au mifugo waziwazi kulidhaniwa kuleta balaa. Ndiyo maana binti za Gikuyu na Mumbi, ambao kwa masimulizi walikuwa kumi, hutajwa kuwa kenda muiyuru, yaani tisa kamili. Basi mwalimu akimwamuru mtoto aseme nyumbani kwao wako wangapi, bibi akisikia huenda akachukizwa, na mtoto akabaki katikati, asijue amtii nani.

Haifai kuwadharau wazee, kwa kuwa hawakumwacha mtoto mjinga. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya kilichotolewa mwaka 1938, aeleza kwamba mvulana alifundishwa kuwatambua wanyama wa kwao kwa rangi, ukubwa na pembe. Kisha makundi kadhaa yalichanganywa, naye akajaribiwa awatenge walio wao. Kupanga vitu kwa namna zake ndio msingi wa hesabu. Tena mchezo wa giuthi, unaofanana na bao, uliwazoeza watoto kugawa na kujumlisha kete.

Kwa hiyo njia iko. Mtoto na awataje watu wa nyumbani kwa heshima: baba, mama, nyanya, shangazi, kaka. Kwa kila mmoja aweke punje moja ya maharagwe juu ya meza, kisha azihesabu punje. Bibi hakuhesabiwa, yaliyohesabiwa ni maharagwe. Mtoto amejifunza idadi, amejifunza ukoo, wala hakumvunjia mtu adabu.

Namba zenyewe pia zina historia. Mtoto wa Kikuyu asemaye igiri, ithatu, inya, ithano na ikumi atakuta mbili, tatu, nne, tano na kumi za Kiswahili kuwa ni ndugu zake. Lakini sita, saba na tisa zimetoka katika Kiarabu, kwa sababu ya biashara ya pwani. Zamani Waswahili nao waliita tisa kenda, kama Wakikuyu. Mwalimu aonyeshaye haya amefundisha hesabu, lugha na mwingiliano wa watu kwa somo moja.

Na hesabu ya watu ina faida yake. Mwaka 1948 ndipo Waafrika wa Kenya walipohesabiwa wote kwa sensa kwa mara ya kwanza. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kaunti ya Nyeri ilikuwa na watu 759,164. Bila tarakimu kama hizo, hakuna ajuaye yatakiwa madarasa mangapi wala walimu wangapi.

Basi mzazi asingoje shule. Mama akipima mahindi kwa gorogoro, mtoto na asimame karibu ahesabu. Baba akipanda miche ya kahawa, mtoto na aitembelee mistari. Dakika chache kila siku zatosha. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha mtoto hujazwa kwanza nyumbani.