Ushuhuda wa Wamiliki wa Bastola: Namna ya Kuupima Kabla ya Kununua

Mtu anayetaka kununua bastola nchini Marekani, mara nyingi huanza kwa kuwauliza walio nayo. Humuuliza jirani, mfanyakazi mwenzake, muuzaji dukani, au watu anaokutana nao kwenye uwanja wa shabaha. Mmoja humwambia kwamba bastola ya kampuni fulani ameitumia miaka 10 bila kukwama hata mara moja. Mwingine humwambia kwamba bastola ya kampuni ileile ilifyatuka yenyewe ikiwa kiunoni mwake. Wote wawili huapa kwamba wasemayo ni kweli, na huenda wote wawili hawakosei. Katika makala hii twaeleza jinsi mambo hayo yanavyoweza kuwa kweli kwa pamoja, na jinsi mnunuzi apaswavyo kuyapima.

Hatumshawishi mtu anunue silaha, wala hatumkatazi yule anayeruhusiwa na sheria. Nia yetu ni kwamba atakayeamua kununua aamue kwa kujua.

Kwa nini neno la mmiliki lina uzito

Bidhaa nyingi za nyumbani, kama vile majiko, vitanda vya watoto na vifaa vya umeme, huangaliwa na Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Kasoro ya hatari ikithibitika, tume hiyo ina uwezo wa kumlazimisha mtengenezaji kuzirekebisha bidhaa zake au kuziondoa sokoni. Lakini sheria hiyohiyo iliziacha nje bunduki, bastola na risasi. Kwa hiyo tume hiyo haiwezi kumwamuru mtengenezaji arudishe bastola zenye kasoro. Yeye hutoa tangazo kwa hiari yake, au baada ya kushtakiwa mahakamani.

Majimbo machache yamejiwekea masharti yao. California, kwa mfano, hutaka aina mpya ya bastola ijaribiwe kwa kufyatua risasi 600, na kwa kuangushwa juu ya zege, kabla ya kuruhusiwa kuuzwa madukani. Mahali pasipo na masharti ya namna hiyo, habari za kasoro humfikia mnunuzi kwanza kupitia vinywa vya wamiliki. Ndiyo maana hatuwezi kumwambia msomaji asiwasikilize. Twamwambia ajue namna ya kuwasikiliza.

Malalamiko ni ya aina mbili

Aina ya kwanza ni ya kukwama. Ganda la risasi halitoki, au risasi nyingine haipandi kutoka kwenye kasha lake, au bastola haifyatui inapotakiwa kufyatua. Mambo haya hutokea mara kwa mara, na sababu zake ni nyingi: risasi hafifu, kasha lililochakaa, uchafu, ukavu wa mafuta, au mkono uliolegea wakati wa kufyatua. Katika malalamiko ya aina hii, wingi wa mashahidi una faida. Watu 50 waliofyatua kila mmoja maelfu ya risasi wakisema kwamba bastola haikukwama, maneno yao yanatosha kumwelekeza mnunuzi.

Aina ya pili ni ya bastola kufyatuka wakati haikutakiwa kufyatuka: imeanguka, imegongwa, au imo ndani ya ala yake. Kasoro kama hii yaweza kuwa adimu mno. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba huonekana katika bastola 1 kati ya 10,000. Wamiliki 1,000 waweza kusimama wakasema, "Kwangu halijatokea," na wote wakawa wakweli, na bado kasoro ikawapo. Hapa wingi wa wenye kusifu haukanushi neno la mmoja aliyeumia, wala neno la huyo mmoja pekee halithibitishi kwamba bastola zote ni mbovu. Linalotakiwa ni uchunguzi.

Kosa kubwa la wanunuzi wengi ni kuchanganya aina hizi mbili: kuupima usalama wa silaha kwa kuhesabu sifa zake.

Mfano wa kwanza: bastola iliyosifiwa

Bastola aina ya P320 ya kampuni ya SIG Sauer ilianza kuuzwa mwaka 2014. Januari 2017 jeshi la nchi kavu la Marekani liliichagua iwe bastola yake mpya. Wamiliki wengi waliisifu, na sifa zao hazikuwa za uongo. Hata hivyo, Agosti 2017, baada ya majaribio kuonyesha kwamba bastola hiyo ikianguka kwa pembe fulani yaweza kufyatua risasi, kampuni ilitangaza kwamba itazirekebisha bila malipo zile zilizokwisha kuuzwa. Waliokuwa wameisifu kwa miaka 3 hawakudanganya. Wengi wao hawakuwahi kuiangusha kwa pembe hiyo.

Tangu hapo yamezuka madai mengine, kwamba aina hiyo hufyatuka bila kifyatulio kuvutwa. Kampuni hukanusha. Kesi kadhaa zimetupwa na mahakama. Katika nyingine mlalamikaji ameshinda, kama ilivyokuwa Philadelphia Novemba 2024, ambapo raia walioketi kuamua kesi waliagiza alipwe dola milioni 11. Si kazi yetu kuamua ubishi huo. Twautaja ili msomaji aone kwamba bastola ya aina moja yaweza kuwa na watu wengi walioridhika nayo na wakati huohuo ikawa na swali zito ambalo halijafungwa.

Mfano wa pili: bastola kuukuu

Kati ya mwaka 1953 na 1972 kampuni ya Ruger ilitengeneza bastola za silinda ambazo nyundo yake, ikipigwa kwa nguvu, yaweza kufyatua risasi iliyo mbele yake. Mwaka 1973 ilianza kuuza bastola zenye kipande cha chuma cha kuzuia jambo hilo, na tangu 1982 imekuwa ikiwawekea wamiliki wa zile za zamani kifaa cha usalama bila malipo. Ambaye bastola yake haijawekewa kifaa hicho apaswa kuacha tundu moja tupu, ile nyundo ikiwa juu ya tundu hilo.

Bastola hizo bado hupita mkono kwa mkono. Anayeinunua kwa jirani, au kuirithi kwa marehemu mjomba, huenda hajapata kulisikia tangazo hilo, kwa kuwa jina lake halimo katika daftari la mtengenezaji. Bastola kuukuu haitakwambia historia yake. Ni juu yako kuitafuta.

Maswali ya kumuuliza mwenye kutoa ushuhuda

Ushuhuda wenye faida una maelezo yanayoweza kuchunguzwa. Twashauri mnunuzi aulize yafuatayo:

1. Ni aina gani hasa, na ilitengenezwa mwaka gani? Jina la kampuni halitoshi, kwani kampuni moja hutengeneza aina nyingi, na aina moja hubadilishwa ndani kwa ndani bila kubadilishwa jina.

2. Umefyatua risasi ngapi? Aliyefyatua 50 ameionja tu bastola yake.

3. Ulitumia risasi gani? Bastola isiyokwama kwa risasi za mazoezi yaweza kukwama kwa risasi za kujilinda, ambazo ncha yake ina tundu.

4. Je, umebadilisha kipande chochote? Kifyatulio kilichofanywa chepesi na fundi wa mtaani hakimhusu mtengenezaji.

5. Ilikuwa katika ala gani? Ala laini iliyochakaa, au uzi wa koti ulioingia ndani yake, waweza kuvuta kifyatulio bila mwenyewe kujua.

6. Uliona mwenyewe, au ulisimuliwa?

Akumbuke pia kwamba aliyelipa fedha nyingi huona vigumu kukiri kwamba alikosea, na aliyekasirika husema kwa sauti kubwa kuliko aliyeridhika.

La kufanya ukiwa na shaka

Tafuta namba iliyochongwa kwenye bastola yako, kisha uliza kwa mtengenezaji mwenyewe iwapo namba hiyo imo katika tangazo lolote la usalama. Ikiwamo, ondoa risasi zote, usiibebe tena, na ufuate maelekezo ya mtengenezaji kuhusu namna ya kuituma. Usimpe fundi asiye na leseni, wala usiiuze ili mzigo uwe wa mwingine. Bastola ikifyatuka bila kuvutwa, iache kama ilivyo baada ya kuiondolea risasi, andika tarehe, mahali na majina ya walioshuhudia, na piga picha. Bastola iliyofunguliwa na kusafishwa imepoteza sehemu ya ushahidi wake.

Wakati wote, shika kanuni zisizotegemea kampuni yoyote: ichukulie kila bastola kuwa ina risasi, usiielekeze kwa mtu, usiweke kidole kwenye kifyatulio kabla ya kuamua kufyatua, nyumbani iwe imefungwa kwa kufuli, haina risasi, na risasi zimewekwa mahali pengine. Tangu sheria ya mwaka 2005, muuzaji mwenye leseni hapaswi kukuuzia bastola bila kukupa kifaa cha kuifungia. Kidai.

Neno kwa wasomaji wetu waliotoka Afrika Mashariki na Kongo

Wengi wenu mmetoka katika nchi ambako bastola haimilikiwi ila kwa kibali maalumu, na mwaweza kudhani kwamba kinachouzwa dukani kwa uwazi ni halali kwa kila mtu. Sivyo. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida hukatazwa na sheria ya nchi kumiliki silaha, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa na sheria. Kutoa maelezo ya uongo kwenye fomu ya ununuzi ni kosa la jinai. Asiye na hakika na hali yake amwone mwanasheria kabla ya kuingia dukani.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Anayevaa bastola kiunoni huubeba usemi huo pamoja nayo. Awasikilize waliomtangulia, awashukuru, kisha aisome namba ya bastola yake kwa macho yake mwenyewe.