Mizani ya Pumzi za Watoto Wetu

Tulipokuwa Sericho, katika kaunti ya Isiolo, mama mmoja alitujia baada ya sala ya alasiri akatuuliza: “Shekhe, mwanangu yu mzima, tangu asubuhi akimbia na mbuzi. Akipimwa nguvu za pumzi, si kumtafutia maradhi huko?” Swali hilo tumerudi nalo pwani, kwani twaona ni la akina mama wengi.

Pumzi haiingii yenyewe kifuani. Chini ya mapafu pana msuli mpana uitwao kiwambo. Unaposhuka, na misuli ya mbavu ikakiinua kifua, hewa huingia. Nguvu za misuli hiyo hupimwa bila sindano wala dawa. Tundu moja la pua huzibwa kwa kizibo chenye mrija mwembamba uendao kwenye mashine, na mtoto huvuta pumzi kwa ghafla kwa tundu la pili, kama anusaye udi. Mvuto huo husomwa kwa sentimita za maji, yaani kimo ambacho ungeyapandisha maji mrijani.

Mwaka 1999, watafiti wa Uswisi walichapisha vipimo vya watoto wazima 180, wa miaka 6 hadi 17. Wastani wa wavulana ulikuwa sentimita 104, wa wasichana 93. Kifua kidogo kile, na mvuto wa karibu mita moja ya maji. Subhanallah!

Mtoto mzima, basi, hupimwa ili awe mizani ya asiye mzima. Yako maradhi ya misuli yanayodhoofisha pumzi polepole, hata mtoto akashindwa kutoa makohozi, akalala vibaya, akaamka na maumivu ya kichwa. Tabibu atajuaje kilichopungua, asipojua kilicho kamili? Na mizani ya watoto wa Uswisi huenda isiwafae watoto wa Sericho, ambao vimo vyao na lishe yao ni vyengine.

Wazazi wenzetu, dini imetuamrisha kutimiza vipimo sokoni, seuze katika uhai wa watoto. Lakini mzazi ana haki ya kuuliza nani apima na kwa nini, kupewa majibu, na hata kukataa. Wala kipimo kimoja cha chini si ugonjwa: mtoto asiyejitahidi husoma chini, ndiyo maana hurudiwa mara kadhaa, kikashikwa kilicho kikubwa.

Tulipomweleza hayo, mama yule alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Basi na apimwe, Shekhe. Lakini nami niwepo.”