Makohozi Yaliyomezwa

Mtu mzima akishukiwa kuwa na kifua kikuu hupewa kikopo, akaambiwa avute pumzi ndefu na kukohoa kwa nguvu mpaka makohozi yapande. Mtoto wa miaka miwili haliwezi hilo. Makohozi yakimpanda, huyameza. Hata yakipatikana, vimelea vilivyomo huwa vichache, kwa sababu mapafu ya mtoto aghalabu hayana yale mashimo ambamo vimelea vya TB huzaliana kwa mamilioni. Darubini huhitaji maelfu ya vimelea katika kila mililita ndipo ione kitu. Kwa mtoto mara nyingi huambulia patupu.

Kwa miaka mingi wataalamu waliyafuata makohozi hayo tumboni. Mtoto hulala bila kula, na alfajiri, kabla hajanyonya, hupitishwa mpira mwembamba puani hadi tumboni ili maji yavutwe kwa bomba la sindano. Wakati mwingine kazi hiyo hurudiwa kesho yake. Zahanati nyingi haziimudu, na wapo wazazi wanaokataa. Siwalaumu.

Lakini kilichomezwa hakiishii tumboni. Vinasaba vya vimelea hupita kwenye utumbo na kutoka na choo, na mashine ya GeneXpert hutafuta vinasaba hivyo. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza choo kitumike kupima watoto wenye dalili za TB ya mapafu. Njia nyepesi iliyofanyiwa kazi Ethiopia huchukua choo cha gramu 0.8 tu na kukitia moja kwa moja katika chupa ya kimiminika kilekile cha kuandalia makohozi. Chupa hutikiswa, huachwa itulie, kisha maji ya juu huingia kwenye katriji. Majibu hutoka baada ya saa mbili hivi, na mtoto hajachomwa wala kushikiliwa.

Shida huanza majibu yakisema vimelea havikuonekana. Hata kwa watoto ambao maabara imethibitisha TB yao kwa sampuli nyingine, choo hunasa takriban 6 kati ya 10. Wengine wengi hawathibitishwi kwa sampuli yoyote. Daktari anayemrudisha mtoto nyumbani kwa karatasi hiyo peke yake amekosea, hata kama mashine haikukosea.

Ndiyo maana mwongozo wa WHO wa 2022 unampa mhudumu alama za kujumlisha: kikohozi kilichozidi wiki mbili, homa, kupungua uzito, ulegevu, matezi yaliyovimba, na picha ya eksirei ikiwepo; mtoto mwenye dalili aliyekaa karibu na mgonjwa wa TB huanzishiwa dawa bila kujumlisha alama. Kwa wengine, jumla ikizidi 10, dawa zianze. Mwenye umri chini ya miaka miwili, mwenye VVU au utapiamlo mkali hasubirishwi. Asiye katika hatari hiyo anaweza kutibiwa kwanza ugonjwa mwingine unaodhaniwa, arudi baada ya wiki moja au mbili.

Kwangu mimi, swali la nani anakohoa nyumbani lina uzito kuliko mashine nyingi. Mzazi aendapo kliniki abebe kadi yenye mstari wa uzito, na aseme bila kusubiri kuulizwa: kama babu alitumia dawa za TB mwaka jana, au dada wa kazi anakohoa tangu mfungo uishe.