Mchunga: Mboga ya Shambani na Alama Zake

Wambaa ni kijiji cha upande wa magharibi wa kisiwa cha Pemba, katika wilaya ya Mkoani. Mvua ya masika inyeshapo, tangu Machi hata Mei, magugu mengi huota mashambani katikati ya mihogo, na mojawapo ni mchunga. Mwenye shamba huuona kuwa adui, lakini mpishi huuona kuwa mboga. Mara nyingi watoto ndio watumwao kuichuma. Kazi hiyo yaonekana ndogo, walakini si ndogo, kwa kuwa nyumba nzima itakula kile alichochuma mtoto. Basi yafaa kila mtoto aujue mchunga hasa, asiuchanganye na mmea mwingine.

Wataalamu wa mimea huuita mchunga Launaea cornuta. Neno cornuta katika Kilatini maana yake ni "yenye pembe". Mchunga ni wa jamaa moja na alizeti, saladi na kishona-nguo. Hata Ulaya ana ndugu, nao ni sentaurea, gugu la maua ya zambarau liotalo penye majani ya malisho. Jamaa hii ina aina zaidi ya 20,000 duniani, na nyingi zafanana. Kwa hiyo ni lazima kuzitazama alama kwa makini. Alama za mchunga ni tano.

Ya kwanza ni majani. Mchunga ukiwa mchanga, majani yake hutoka chini kabisa, yakajipanga mviringo juu ya ardhi. Jani ni refu, laini, halina vinyweleo wala kikonyo, na urefu wake waweza kufika shibiri moja. Mara nyingi kando zake zina ncha mbili tatu zilizojitokeza kama pembe.

Ya pili ni shina. Mmea ukikua, hutoa shina lililosimama, nalo lina uwazi ndani kama kikonyo cha jani la mpapai. Laweza kufika kifua cha mtu mzima.

Ya tatu ni utomvu. Ukikata jani au shina, hutoka utomvu mweupe kama tui.

Ya nne ni ua, nalo ni la rangi ya manjano. Mtu hudhani kuwa ni ua moja, kumbe ni kichwa chenye vijiua vingi vilivyokaa pamoja. Ukichomoa kijiua kimoja utaona kuwa ni kama utepe mdogo, na nchani mwake mna meno 5. Vijiua vyote vya mchunga ni vya namna hiyo. Sivyo katika kishona-nguo, ambacho vijiua vyake vya katikati ni kama mirija midogo.

Ya tano ni mbegu. Kila mbegu ina nywele nyeupe, nazo huchukuliwa na upepo. Mbegu za kishona-nguo zina miiba, nazo hushika nguo za wapitao.

Mtu asitosheke na alama moja tu. Mnyaa, upandwao kuwa wigo, nao una utomvu mweupe, lakini utomvu huo ni sumu. Ukiingia machoni huunguza, na waweza kumpofusha mtu kwa muda. Tena katika jamaa hiyohiyo ya mchunga mna mimea yenye sumu idhuruyo ini polepole, hata mlaji asijue ni nini kilichomdhuru. Alama zote zikipatana, chuma. Moja ikikosekana, acha, ukamwonyeshe mtu mzima aijuaye mboga hiyo.

Sasa tutazame mizizi. Chini ya ardhi mchunga una mashina yatambaayo, na kila kipande chake chaweza kuchipuka. Mkulima aukataye kwa jembe na kuviacha vipande udongoni hajauondoa, bali ameupanda. Atakaye kuusafisha shambani hana budi kuokota vipande vyote.

Lakini jambo hilo limsumbualo mkulima humsaidia mwenye bustani. Masika yakianza, chukua vipande vyenye urefu wa kidole, uvizike vidole viwili chini, na kati ya kimoja na kingine uache shibiri moja. Tuta liwe mbali na mihogo, usije mchunga ukatambaa hata shambani. Chuma majani machanga kabla ya maua kutoka, kwa sababu yakikomaa uchungu huzidi. Usiing'oe mizizi, nayo itachipuka tena. Vichwa vya maua vikate kabla mbegu hazijaruka.

Jikoni majani huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa ili kupunguza uchungu, kisha hupikwa kwa tui la nazi. Wengine huyachanganya na mchicha au matembele. Huko Kenya, Wagiriama huiita mboga hii mutsunga, nao huipenda sana. Uchungu hauishi wote, wala wazoefu hawataki uishe, maana ndio ladha yake.