Ni nembo, si ‘koti la silaha’

JUMAMOSI iliyopita skauti mmoja wa shule ya upili, jirani yetu hapa Buruburu, alinijia na bango la siku ya wazazi. “Mwalimu, hebu nisomee uone kama iko sawa.” Juu ya mchoro wa beji yao alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: KOTI LA SILAHA LA SKAUTI.

“Umeitoa wapi hii?”

“Kwa simu.”

Simu ilikuwa imetafsiri Kiingereza neno kwa neno. Zamani huko Ulaya, askari wapanda farasi walivaa deraya iliyowafunika hadi usoni, ikawa vigumu kumtambua rafiki na adui. Wakachora alama kwenye ngao, na kwenye vazi la kitambaa lililovaliwa juu ya deraya. Jina la Kiingereza limetokana na vazi hilo. Sisi vazi lenyewe hatukuwa nalo, basi koti lao litatufaa nini?

Tuna nembo. Kamusi za zamani zinaieleza kuwa ni alama ya kabila iliyochanjwa mwilini, kama zile chanjo za usoni za Wamakonde. Kazi yake ilikuwa kuonyesha mtu ni wa akina nani. Beji ya shule kifuani hufanya kazi iyo hiyo, ila haichomi.

Wapo wanaosema ‘ngao’. Lakini itazame nembo ya taifa: simba wawili wenye mikuki, mwamba wa Mlima Kenya wenye kahawa, pareto, katani, chai, mahindi na mananasi, na neno Harambee. Ngao ni ile ya katikati tu, anamosimama jogoo aliyeshika shoka; jogoo tunayemtaja kila siku tukipanda matatu za Jogoo Road. Ukisema ngao, umetaja sehemu ukaacha nzima.

Tusichanganye pia nembo na nishani. Nishani, neno lenye asili ya Kiajemi, hutolewa kwa aliyetenda jambo la kusifika. Tepe nazo huonyesha cheo: koplo mbili, sajini tatu. Nembo haishindaniwi, ni ya kila mwanachama, hata aliyejiunga jana.

Nilimuuliza kijana ua lililo kwenye beji yake ni lipi. Akanyamaza. Amelivaa miaka miwili! Ni yungiyungi, ambalo Baden-Powell, aliyezikwa Nyeri mwaka 1941, alilichukua kutoka kwa alama ya kaskazini kwenye dira. Petali zake tatu ni sehemu tatu za ahadi ya skauti: wajibu kwa Mungu na nchi, kuwasaidia wengine, na kutii kanuni.

“Kumbe! Na ahadi naijua kwa kichwa.”

Aliifuta ile mistari, akaandika NEMBO YETU, na chini yake maana ya kila petali. Na wewe msomaji, kabla ya kumwosha mwanao sweta ya shule, muulize kilichoshonwa kifuani kinaitwaje na kinasema nini.