Doa au Nukta? Kuskani Karatasi Kubwa za Ukoo



Katika nyumba zetu nyingi kuna karatasi kubwa iliyokunjwa kabatini, kama shajara ya ukoo iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kila ikifunguliwa, mikunjo inazidi kuchanika. Sasa mnataka kuiskani, kuisafisha kwenye kompyuta na kuchapa nakala ya kutundika ukutani. Mchague dpi ngapi?

Dpi ni idadi ya vitone ambavyo skana huchukua katika kila inchi, yaani sentimita 2.54. Vitone vikiwa vichache, alama ndogo hupotea. Ukiandika Jamali kwa herufi za Kiarabu, kisha nukta ya jimu ikapotea, jina linasomeka hamali, mchukuzi wa mizigo! Babu wa babu yenu atakuwa amebadilishwa jina na mashine.

Nukta yenye upana wa nusu milimita hupata vitone 2 tu kwa dpi 100, 6 kwa dpi 300, na 12 kwa dpi 600. Kwa nakala ya ukubwa uleule, 300 hutosha. Chagueni 600 ikiwa mwandiko ni mdogo au umefifia, au mkitaka kukuza: ukikuza mara mbili, 600 hubaki 300 kwenye karatasi mpya.

Mbona tusiende 1200? Ukiongeza dpi mara mbili, faili huwa kubwa mara nne. Karatasi ya A2 yenye rangi, bila kubanwa, ni kama megabaiti 104 kwa dpi 300, 418 kwa 600, na 1,670 kwa 1200. Kompyuta ya nyumbani inaweza kuelemewa, na mwandiko hautasomeka vizuri zaidi.

Skana ya A4 haienei A2. Skanini vipande sita vinavyopandana kidogo pembeni, vyote kwa dpi moja, kisha muviunganishe. Msipitishe karatasi kuukuu kwenye mashine ya kuvuta karatasi, inaweza kuichana. Hifadhini kwa TIFF, kwa sababu JPEG hupoteza kidogo kila inapohifadhiwa upya. Faili ya kwanza msiiguse. Safisheni nakala yake.

Na kabla hamjafuta doa lolote, mpigieni bibi simu, mumwulize: hili ni doa au nukta? Mwulizeni sasa, maadamu yupo wa kujibu.